Profesa na Wimbo wa Msiba

Siku hiyo mvua ilikuwa ikipiga mabati ya ukumbi wa chuo, na Profesa hakuinua sauti. Aliishusha. Sisi wanafunzi tukasogea mbele, wengine tukakaa kwenye sementi karibu kabisa na viatu vyake, ili neno lolote lisitupite. Alikuwa akitufundisha falsafa, na mada ilikuwa uhuru: je, mtu aliyefungwa anaweza kubaki huru? Nilikuwa msichana wa chuo, nimeshika kalamu, na nilimtazama mpaka nikasahau kuandika.

Hiyo ndiyo Bukavu yangu ya kabla ya vita. Sasa naishi Edmonton, kaskazini mwa London, na asubuhi nikiwa kwenye basi kwenda Stanmore, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, ndivyo inavyonijia: mvua, mabati, na sauti ya mtu mmoja. Jina lake silitaji. Sote tulimwita Profesa.

Jioni ileile alipita kwenye ukumbi wa parokia, ambako yaya Deo alikuwa akiongoza kikundi chetu cha nyimbo na maigizo. Kwetu ndugu aliyekutangulia kuzaliwa huitwa yaya, na Deo alikuwa yaya wangu pekee. Profesa ndiye aliyekuwa mlezi wa kikundi. Alisikiliza mazoezi yetu hadi mwisho, kisha akamwambia Deo kwamba maneno ya mwisho ya igizo yalikuwa ya uongo, yamewekwa ili watu wapige makofi. Wakabishana mpaka mlinzi akaja kufunga milango. Njiani Deo alikuwa anacheka peke yake. Alimpenda mtu yule kama anavyopendwa baba.

Vita vilitukuta asubuhi, Mama akipika uji.

Milio ilianza upande wa milimani. Mama alimwaga maji juu ya makaa.

Tukalala sakafuni.

Risasi ilipita dirishani, ikatoboa sufuria iliyoning'inia ukutani.

Hakuna aliyepiga kelele.

Mchana kukawa kimya. Tulipotoka nje, jirani yetu, fundi wa redio, alikuwa amelala mlangoni kwake. Mkewe alikuwa akimfunika kwa kitenge, taratibu sana, kana kwamba anaogopa kumwamsha.

Wanajeshi walioingia walikuwa wageni. Lugha yao hatukuijua, na wao hawakuijua yetu. Walikaa kwenye majumba ya serikali, wakaweka vizuizi barabarani, wakakataza watu kulia msiba hadharani, kwa sababu kila mazishi yalikuwa yanageuka mkutano. Fundi wa redio alizikwa na watu wachache, midomo imefumbwa. Mkewe alijiuma mkono mpaka ukatoka damu.

Wiki chache baadaye tulimsikia Profesa redioni. Alisema amekubali kuwa mkuu wa utamaduni chini ya utawala mpya. Kuanzia sasa kila wimbo, kila igizo, kila kitabu kitapita ofisini kwake. Sauti ilikuwa ileile, ya chini na ya upole. Deo alikuwa anakula. Aliweka tonge kwenye sahani, akabaki anaiangalia redio.

Profesa alikuja nyumbani kwetu. Hakuja na askari, alikuja kwa miguu. Alimsalimia Mama kwa heshima zote, akaketi, akaeleza kwamba kutakuwa na sherehe uwanjani, kwamba wakubwa wapya wangekuja, na kwamba kikundi chetu kitaimba. Alikuwa ametunga wimbo mwenyewe. Alisema asipokaa yeye kwenye kiti kile atakaa mtu asiyejua kitu, na kila kilicho chetu kitachomwa moto. Deo alimsikiliza bila kumkatiza. Mwishoni alimuuliza jambo moja tu.

"Profesa, watu wetu wataruhusiwa lini kulia wafu wao?"

Profesa alisema mambo huenda hatua kwa hatua. Kisha akaomba maji ya kunywa, akaaga.

Kuhusu wimbo ule lazima nieleze wazi: ulikuwa mzuri kuliko wimbo wowote niliowahi kuuimba. Ulizungumzia ziwa asubuhi na mgeni anayekaribishwa mlangoni. Mara ya kwanza tulipouimba mazoezini nywele zilinisimama, na mwenzangu mmoja, aliyeuliwa kaka zake wote, alitokwa na machozi kwa utamu wake. Sikujua kwamba uzuri unaweza kutumwa kazi ya namna ile na ukaifanya vizuri hivyo.

Siku ya sherehe watu waliletwa uwanjani mtaa kwa mtaa. Jukwaani alikaa mkubwa wa wanajeshi, na pembeni yake Profesa, amevaa suti ya kijivu. Tulisimama katikati ya nyasi. Deo alipaswa kuanzisha ubeti wa kwanza, sisi tumwitikie.

Alifungua mdomo, na wimbo uliotoka haukuwa wa Profesa. Ulikuwa wimbo wa msiba, kwa Mashi, lugha ya nyumbani, ule ambao bibi zetu humwimbia maiti kabla hajatolewa mlangoni.

Aliuimba peke yake hadi mwisho wa ubeti.

Kisha mwanamke mmoja akaitikia kutoka juu kwenye ngazi za uwanja.

Kisha wengine.

Kisha uwanja mzima.

Nimesikia makanisa makubwa ya London yakiimba na vinanda vyake, na sijasikia tena kitu kama kile. Maelfu ya watu walikuwa wanawalilia wafu wao mchana kweupe, mbele ya bunduki, na wenye bunduki walikuwa wanatabasamu kwa sababu hawakuelewa. Wengine walitikisa vichwa kufuata mwendo wa wimbo. Nilihisi niko mbele ya jambo kubwa kuliko sisi tuliolifanya.

Ndipo nikaona mkubwa wa wanajeshi anamwinamia Profesa na kumuuliza kitu.

Profesa alizaliwa kijiji jirani na cha baba yangu. Kila neno alilielewa.

Alijibu kwa ufupi. Mkubwa alikaa sawa na kupiga makofi.

Tuliamini ametuokoa. Kwa siku chache Mama alimwombea kila alipoinamisha kichwa kula. Halafu, alasiri moja, gari lilisimama nje ya ukumbi wa parokia tukiwa mazoezini. Wanaume wanne waliingia. Walimjua Deo kwa sura. Alivaa koti lake, akatuambia tuendelee na mazoezi.

Hakurudi.

Mama alikwenda kwenye kambi ya wanajeshi, akafukuzwa. Alikwenda ofisini kwa Profesa, akaambiwa amesafiri, ingawa suti yake ilionekana kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Hakuna aliyetuambia Deo amekufa. Majirani walipoanza kuleta mikeka ili tukae matanga, Mama aliwarudisha. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna kinywa kilichosema amekufa. Miaka yote iliyofuata, mimi nikiwa kambi ya wakimbizi Uganda, kisha hapa London nikiomba hifadhi, nikiolewa, nikizaa, Mama alibaki Bukavu na msimamo huohuo. Kila Krismasi aliosha koti jingine la Deo na kulianika.

Wanajeshi wale waliondoka hatimaye. Profesa naye aliondoka, akaenda Ubelgiji.

Mwaka jana akina mama wa kanisani walinipa habari kwamba anakuja London kuzungumza na Wakongo kwenye ukumbi mmoja Tottenham. Niliomba ruhusa kazini. Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapa, alinipeleka kwa gari. Nilimweleza kila kitu tukiwa kwenye foleni ya magari, naye alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hatanisubiri nje, ataingia na mimi.

Alikuwa mzee sana. Alisaidiwa kupanda jukwaani, akakaa. Alipoanza kuzungumza, watu waliokuwa wakila sambusa nyuma waliacha kutafuna. Ilikuwa sauti ileile. Nami, baada ya yote, nilijikuta nimesogea mbele kwenye kiti changu kama siku ile ya mvua. Neema aliniangalia, nadhani alishangaa.

Alipomaliza nilimfuata. Nilimwambia, "Jambo, Profesa. Mimi ni mdogo wake Deo."

Aliomba watu watuache. Neema alibaki, amenishika kiwiko.

"Uwanjani yule mkubwa alikuuliza maana ya wimbo," nikasema. "Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ni wimbo wa kubembeleza watoto."

"Akaamini."

"Aliamini siku ile. Halafu wakapata mtu mwingine wa kuwafasiria. Waliniita, wakaniuliza upya. Nikawaambia ukweli. Wakauliza ni nani aliyeuchagua, nikamtaja."

Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Mtu huyu aliweza kuzungumzia uhuru saa nzima bila karatasi, na nilijua angeweza kunizungusha mpaka nimhurumie. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Niliogopa," akasema.

Hotuba ilikuwa hiyo tu. Sijui kama lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, lakini lilikuwa la kwanza ambalo halikuwa na uzuri wowote.

Niliuliza kama Deo alikufa. Alisema ndiyo, siku ileile waliyomchukua, nyuma ya kambi, kwenye mikaratusi. Yeye mwenyewe alipelekwa kutazama, ili ajue kitakachompata akidanganya tena.

"Alisema kitu?"

"Alinisalimia. Aliniita Profesa, kama siku zote." Kisha akaongeza, "Baada ya hapo hakuniangalia tena."

Sikumpa mkono, wala sikumtukana. Tulitoka, tukakaa garini bila kuliwasha.

Jumapili nilimpigia Mama. Nilimwambia yote, pamoja na mikaratusi. Alisikiliza. Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. Aliniuliza kama nimelisikia jambo hilo kwa masikio yangu, kutoka kinywani mwa mtu aliyeona. Nikasema ndiyo.

"Basi nitandikie mikeka huko," akasema. "Mimi naita watu hapa."

Watu walikuja Bukavu, na watu walikuja Edmonton. Tulisogeza makochi, Neema akamimina chai, akina mama wa kanisani wakakaa chini na vitenge vyao. Tulimlilia Deo kwa sauti, na jirani wa juu, mzee Mwingereza, alishuka kuuliza kama kuna aliyefariki. Neema ndiye aliyemfungulia mlango. Alimwambia ndiyo, amefariki mjomba wake. Mzee akauliza ilikuwa lini, na Neema akamwambia tumepata habari wiki hii.