Kodi ya Kuonana

Fundi alipoteza masikio yake kwa homa, akiwa bado hajaweza kutamka neno "mama" sawasawa. Mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusikia wakimwita. Mwenye shida naye aligonga meza kwa kiganja, mtetemo ukamfikia vidoleni, naye akainua uso. Kwa viziwi wenzake alikuwa na jina jingine, vidole viwili vinavyofunguka na kujifunga kando ya shavu kama mkasi. Alipewa jina hilo shuleni siku alipomkata mwenzake nywele bila idhini.

Mumewe alikuwa muuguzi wa zahanati ya serikali. Watu walimwita Daktari, na kwa miaka mingi alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alijifunza lugha ya alama wakati wa uchumba, darasa likiwa benchi mbele ya cherehani, na mpaka leo mikono yake ilikuwa na lafudhi. Akitaka kusema "nimechoka" mara nyingine alisema "nimeoza", na Fundi hakumsahihisha kila mara, kwa kuwa ilimchekesha.

Kazi yenyewe Fundi hakuifanya peke yake. Mdogo wake wa kike, kiziwi pia, alikuwa mdarizi katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huyu jina lake lilikuwa kidole kwenye pengo la meno ya mbele. Fundi alipima, akakata na kuunga. Mdogo wake alitia maua na nakshi kwenye kola na kifuani. Vitambaa vilisafiri kwa basi kwenda na kurudi, na maelezo yalisafiri kwa simu. Kila asubuhi Fundi aliegemeza simu yake kwenye kopo la vifungo, uso wa mdogo wake ukatokea kwenye kioo, wakaanza. Mtu mwenye masikio huongea na simu huku akishona. Wao iliwabidi waweke kazi chini kabisa, maana mikono ndiyo iliyosema. Walibishana rangi ya uzi, wakasengenya wateja, wakaulizana habari za watoto. Mdogo wake alikuwa hodari wa kuigiza namna wateja wanavyovuta tumbo ndani wakipimwa kiuno.

Ndipo serikali ilipoleta kodi ya mtandao. Kila siku, kabla hujafungua mazungumzo ya picha na maandishi kwenye mtandao, ulipe kwanza. Simu ya sauti haikuguswa, wala ujumbe mfupi wa kawaida. Wakubwa walieleza kwamba kampuni za nje zinavuna shamba zisilolilima, na kwamba barabara na dawa hazishuki kutoka mbinguni. Wengine wakajibu kwamba anayetozwa si kampuni bali muuza nyanya anayetafuta mteja. Mjadala ukawa kila mahali, kuanzia redioni hadi kwenye foleni ya maji.

Nyumbani kwa Fundi ulikaa mezani, pamoja na sahani.

"Friji yetu ya chanjo inazimika kila wiki," Daktari alisema kwa mikono, kijiko kikiwa bado katikati ya vidole. "Mama anakuja na mtoto mgongoni kutoka huko mbali, namwambia arudi kesho. Friji haijinunui, mama watoto."

"Basi watozwe wanaouza mtandao."

"Nao wakitozwa watamtoza nani?"

Fundi akamnyang'anya kijiko, kwa kuwa mtu akiongea na kijiko mkononi ni kama anaongea na chakula mdomoni.

Yeye mwenyewe angeweza kulipa. Aliyeshindwa ni mdogo wake, aliyekuwa na watoto watatu na mume asiyejulikana aliko. Akakata shauri kulipa siku ya soko tu. Siku nyingine wakabaki na ujumbe mfupi.

Asiyejua atauliza, kwani ujumbe mfupi una tatizo gani? Wanasoma, wanaandika. Ni kweli. Lakini lugha yao ilikuwa ya mikono, uso na mabega, yenye mpangilio wake, na Kiswahili cha kuandika walijifunza kama mgeni anavyojifunza, maneno yakija bila viungo vyake. Kwenye kioo cha simu mdogo wake alikuwa msemaji asiye na mfano. Kwenye ujumbe aliandika kama mtu anayeokota kuni.

Wakati huo walikuwa na kazi ya harusi, magauni sita ya wasimamizi wa bibi harusi, yote ya kudariziwa kifuani. Siku chache kabla ya harusi ujumbe ukaingia: "Kazi mimi acha. Nguo basi."

Fundi aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena ameketi. Mdogo wake ameacha kazi. Nguo, basi, inatosha. Bila sababu wala salamu. Akakumbuka kwamba wiki ile alimkaripia kwa ajili ya uzi wa kijani, akajisemea moyoni, kumbe amenuna. Naye kiburi kikampanda. Akajibu: "Sawa. Basi."

Magauni hayakuonekana. Mama wa bibi harusi alikuja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili akaja na dada zake. Fundi alinunua kitambaa kingine, akashona magauni sita meupe matupu kama mashuka ya hospitali, na wasimamizi wakaandamana hivyo hivyo. Yule mama alimtazama Fundi kwa namna isiyohitaji mkalimani.

Siku ya soko mdogo wake akalipa, akatokea kwenye kioo akitabasamu. "Harusi ilikuwaje? Wameyapenda?"

"Wamependa nini? Si umeniandikia umeacha?"

"Nimeacha mzigo! Kwenye basi! Nikakuandikia nguo ziko kwenye basi, na wewe ukajibu sawa, basi!"

Magauni yalikuwa yamekaa ofisi ya mabasi siku zote hizo, yakiwa juu ya magunia ya vitunguu. Dada hao wawili walicheka mpaka machozi yakawatoka, kisha mdogo akaendelea kulia peke yake baada ya kicheko kwisha. Akasema zile siku zisizo za soko anakaa bila kuongea na mtu mzima yeyote. Majirani humpungia mkono tu. "Nyumba imejaa watu, dada, na mimi niko kama kabati."

Hilo la kabati ndilo lililomtoa Fundi nyumbani. Kamati ya bunge ilikuwa inazunguka kusikiliza maoni kuhusu kodi hiyo, iendelee au iondolewe, na chama cha viziwi kilikuwa kinatafuta mtu wa kusema. Fundi akasema atakwenda. Tatizo lilikuwa mkalimani. Kamati haikuleta, na yule wa chama alikuwa amelazwa. Akabaki mtu mmoja.

"Unajua msimamo wangu," Daktari alisema.

"Sikuombi msimamo. Nakuomba mdomo."

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti vya plastiki na mapazia mazito ambayo Fundi aliyakagua kwanza, akaona pindo zimeshonwa ovyo. Walisema kwanza wenye vibanda vya simu, kisha wanafunzi, kisha mzee mmoja aliyetaka kodi iongezwe ili vijana waache kulala na simu. Zamu yake ilipofika alisimama, mumewe kando yake.

Alisimulia habari ya magauni. Aliona jinsi hadithi inavyowafikia watu kupitia mdomo wa mumewe. Alipofika kwenye "Sawa, basi", mabega ya ukumbi mzima yalitikisika kwa kicheko, hata mwandishi wa kamati akaweka kalamu chini. Fundi akangoja watulie. Ndipo akasema lile alilokuja nalo.

"Mmeacha sauti, mkatoza macho. Aliyeandika sheria hii ama hakutukumbuka, ama alitukumbuka akaona hawa hawapigi kelele."

Midomo ya mumewe ikacheza. Fundi akawatazama watu. Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa na kutabasamu kama mtu anayeshukuriwa kwa chai. Fundi alikuwa ameishi na nyuso za watu maisha yake yote, na alijua sentensi ile haiwezi kumletea mwenyekiti tabasamu.

Akagonga meza. Akamgeukia mumewe. "Umesema nini?"

"Nimesema uliyosema."

"Mwongo. Anatabasamu."

Ukumbi mzima ukawa unawatazama mke na mume wakigombana bila sauti. Kisha Daktari akaigeukia meza kuu, akawa anasema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, ili mkewe aone.

"Naomba radhi. Nimepunguza maneno. Nimesema huenda mlitusahau kwa bahati mbaya. Mke wangu hakusema bahati mbaya." Na akayarudia maneno ya Fundi, yote, pamoja na lile la kelele.

Safari hii nyuso zilibadilika. Mwenyekiti alivua miwani. Akamuuliza Daktari jambo, naye akalitafsiri: "Ananiuliza mimi mwenyewe naonaje." Akajibu kwa mdomo na mikono: "Mimi naiunga mkono kodi. Zahanati yangu inaihitaji. Ila leo nimekuja kama mdomo wa mke wangu, na mdomo hauna maoni."

Watu wakacheka tena, lakini mjumbe mmoja mwanamke, mwenye kilemba cha buluu, hakucheka. Alimtazama Fundi usoni, si mumewe, akauliza taratibu: "Tukiiondoa, dawa zitoke wapi?"

Fundi alifikiri. Swali lilikuwa la haki, na mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa akimjia kichwani kila alipomtazama mumewe. "Sijui," alisema. "Mimi ni fundi wa nguo. Nguo ikimbana mtu kwapani hunirudishia, na simwambii akate mkono. Naifumua. Hii imetubana. Ifumueni muone mtapataje kitambaa."

Mjumbe yule aliandika kitu. Wengine waliangalia saa.

Njiani kurudi Fundi alitia mikono yote miwili mfukoni. Kwa mumewe huko ndiko kununiwa. Daktari alitembea mbele yake kinyumenyume ili aonekane, akajikwaa mara mbili.

"Mganga mkuu alikuwa safu ya pili," alisema hatimaye. "Bosi wangu. Nilimwona dakika ile ile uliposema wamewakumbuka wakawapuuza. Niliogopa, mke wangu."

Fundi akatoa mkono mmoja. "Ungeniambia kabla, ningetafuta mdomo mwingine." Baada ya nyumba kadhaa akatoa na wa pili. "Lakini ulirudia vizuri. Yule mzee wa mbele karibu ameze meno."

Mganga mkuu hakumfanya kitu. Alimtania kwa wiki nzima akimwita Bwana Mdomo, yakaisha.

Katika bajeti iliyofuata, kodi ya kila siku ikaondolewa. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya Fundi, naye hakujidanganya hivyo. Inasemekana watu walikuwa wameacha kulipa kwa wingi kiasi kwamba mapato yenyewe hayakufika yalipotarajiwa. Badala yake kampuni za simu zikatozwa, na kabla mwezi haujaisha bei ya vifurushi ikapanda.

"Umeona?" Daktari alisema mezani. "Nilikwambia watamtoza nani. Bado unalipa."

"Nalipa. Lakini sasa nalipa kama jirani yangu, wala sitozwi peke yangu kwa kuwa nazungumza kwa mikono."

"Na friji?"

"Na friji," Fundi alikubali, kwa kuwa ilikuwa imezimika tena jana yake, na kwenye jambo hilo mume wake alikuwa na haki ya kukasirika.

Mdogo wake alirudi kwenye kioo karibu kila siku. Safari moja alikaa wiki nzima bila kuonekana, Fundi akapanda basi kumfuata badala ya kuandika ujumbe, akakuta simu yake ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya maji. Akakaa huko siku tatu, wakala, wakasengenya, wakadarizi.

Aliporudi alimkuta katibu wa chama cha viziwi akimngoja mlangoni. Walitaka agombee uongozi, kwa sababu sasa serikali ilikuwa inazungumzia vitambulisho vipya vinavyosajiliwa kwa simu ya sauti. Fundi alimwonyesha marundo ya sare za shule yaliyofika hadi dirishani, mashati upande huu, kaptula upande ule. Akamwambia arudi baada ya shule kufunguliwa, na aje na mkalimani asiye na bosi.