Kanda ya Bibi Mwenye Funguo

Bi Stara akikuazima kiberiti, ujue njiti zimehesabiwa. Ndiyo maana watu wa mtaani kwake, Dodoma mjini, hawakuamini waliposikia kwamba amekubali kumwazima Ludovick kanda ya video ya marehemu mumewe.

Ludovick alikuwa karani serikalini mpaka wimbi la kupunguza wafanyakazi lilipompitia. Kiinua mgongo chake akakifanya banda la video kule Nzuguni, la mabati na magunia, lenye jenereta linalokohoa. Idi ilikuwa inakaribia, naye alitaka kuonyesha katuni ambayo vijana wa mjini walikuwa hawajaacha kuitaja. Ilikuwa hadithi ya kale ya Wazungu, ya bibi kizee mwenye funguo kiunoni, anayejifungia ndani kila sikukuu kwa sababu kila anayebisha hodi anamwona mwizi. Miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na televisheni zikiwa bado adimu, Harithi, mume wa Bi Stara, aliionyesha bandani kwake kila Idi na kila Krismasi, na watoto wa dini zote walijazana.

Bi Stara mwenyewe hakuwahi kuiona. Kazi yake ilikuwa mlangoni, kukamata wazamiaji wasiolipa kiingilio. Jenereta lilikuwa ubavuni mwake, hivyo kilichomfikia kutoka ndani ni vicheko tu, na sauti ya mumewe ikipanda na kushuka. Siku moja alimuuliza, "Sauti yako inatokaje kwenye sinema ya Wazungu?" Harithi akamjibu bila kupepesa macho, "Nimeitia kwenye kanda." Mwanamke huyu aliyemshuku muuza maziwa, imamu na hata daktari, jibu hilo alilimeza zima zima.

Harithi alipofariki, mashemeji walibeba deki ya video na televisheni. Kanda aliiwahi Bi Stara, akaifukia kwenye debe la mchele. Sauti ya mumewe hakuwa nayo mahali pengine popote, na siku hizi ilikuwa imeanza kumponyoka. Alikumbuka maneno, sauti yenyewe haiji. Hilo lilimtisha kuliko upweke, na deki alikuwa nayo Ludovick.

"Imekaa sana hii, mama," Ludovick alisema alipoishika. "Lazima fundi aitoe ukungu kwanza."

"Fundi gani? Anakaa wapi?"

"Bi Stara, mimi nitakuibia wewe?"

"Sijasema utaniibia. Nimesema anakaa wapi."

Kabla ya kuitoa aliipaka nukta ya hina pembeni, ile hina ile ile aliyojipaka mikononi kwa ajili ya Idi, asije akaletewa nyingine. Tena akaweka sharti: siku ya kuonyesha, atakaa ndani mpaka mwisho.

Siku ya Idi, baada ya swala, alifika Nzuguni na khanga mpya akakaa benchi la mbele. Nukta ya hina aliikagua mwenyewe, ikawa ndiyo. Banda lilijaa waliokuwa watoto wa banda la Harithi, sasa wakubwa, wengine na watoto wao. Paskazia, mwalimu aliyekulia mtaani kwa Bi Stara, alimwamkia.

"Shikamoo, Bi Stara."

"Marahaba. Na huo mkoba wako ushike vizuri, humu simwamini mtu."

Picha ikaanza, na mikwaruzo yake. Bibi kizee akatokea akitingisha funguo, akafungua kinywa, na kikatoka Kizungu kitupu cha sauti ya kike. Bi Stara akangoja. Bibi akasema tena, Kizungu tena.

"Zima!" Alisimama. "Ludovick, umeniuzia mume wangu!"

"Mama, hina yako si hiyo hapo?"

"Ganda ni langu, matumbo si yangu! Mmebadilisha utepe, wewe na huyo fundi wako!"

Ludovick aliapa kwa Bikira Maria na kwa mamake mzazi. Paskazia ndiye aliyemshika Bi Stara mkono.

"Bi Stara, sauti ya Mzee Harithi haikuwa kwenye kanda. Alikaa nyuma ya televisheni na kipaza sauti, anawazima Wazungu sauti, anatia maneno yake."

"Aliniambia ameitia kwenye kanda. Kwa nini anidanganye?"

Mmoja alicheka akajiziba mdomo, wengine wakatazama chini. Bi Stara aliwakagua mmoja mmoja, na shuku yake safari hii ikamgeukia marehemu.

"Alikuwa anasema nini? Washa. Paskazia, sema kama alivyosema, usipunguze."

Kwenye kioo, bibi alichungulia mlangoni. Paskazia akaigiza: "Mmoja mmoja! Wewe, onyesha mikono!"

"Na wewe wa nyuma, nimekuona!" banda zima likaitikia kwa pamoja.

Yalikuwa maneno ya Bi Stara mwenyewe. Neno kwa neno, pamoja na kule kuvuta mwisho, ndivyo alivyokuwa akiwafokea mlangoni. Kumbe miaka yote hiyo, yeye nje akilinda mali ya mumewe, ndani mumewe alikuwa akiuchekesha mji kwa kumwiga yeye! Hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma, lakini hakuondoka. Alikaa akajisikiliza, kwa kinywa cha bibi wa katuni, akiwakaripia malaika, mbuzi na mvua waliobisha hodi, mpaka mwishoni bibi alipotupa funguo zake, akaingia kwa majirani na kuketi kwenye karamu.

Hapo Paskazia alinyamaza.

"Endelea. Hapa alisemaje?"

"Hapa alikuwa anasimamisha picha. Tena hachekeshi. Alikuwa anasema, 'Huyu wao ameingia. Wangu bado yuko mlangoni. Mwachieni nafasi pale mbele.'" Paskazia alifuta macho. "Na benchi la mbele, Bi Stara, hata tukibanana vipi, hatukulikalia."

Jenereta likakohoa. Bi Stara alitazama benchi alilokalia, akalipapasa kwa kiganja chenye hina. Kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Rudisha mwanzo," alimwambia Ludovick. "Na ikiisha, kanda yangu unipe mwenyewe, mkononi."