Mwaka walipolifunga ziwa letu Uvira, na matete tunayotaka kuyalinda sasa

Wakuu, salaam kutoka Uvira. Haya yalinipata mwenyewe, na nikianza kuyapamba nitawaambia.

Kwa miaka mingi nimekana kwamba vita viliwahi kulifanyia ziwa letu jambo jema. Leo nakiri: viliwahi.

Wakati wa uasi, wenye bunduki walipiga marufuku mitumbwi. Kwao kila taa ya mvuvi ziwani ilikuwa taa ya adui. Tukaiona njaa. Mama Mudogo, mdogo wa marehemu mama yangu, anayeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa ufukoni Kilibula, aliuza vitenge vyake kimoja kimoja ili tule mihogo. Mimi nilikuwa mmoja wa walaji.

Ziwa lilipofunguliwa, samaki walikuwa wamejaa hadi kwenye matete ya ufukoni. Watu waliwachota kwa vikapu.

Sasa turuke hadi juzijuzi. Kuna mpango kwamba hifadhi ya taifa iliyoko milimani iteremke hadi ziwani, ichukue na maji ya kwenye matete, samaki wanakozalia. Kuvua kutabaki maji ya mbali tu. Lakini wanawake wanaofanya kazi ufuko ule wasipokubali, mpango unakufa. Wenye mpango wakaniomba nikawaeleze.

Nina digrii mbili, wakuu. Nilibeba ramani ya rangi.

Nikasema "bayoanuwai" mpaka mwanamke mmoja akasinzia. Mama Mudogo akaniuliza, "Weye, hiyo karatasi iko na chumvi? Maana ndiyo tutakula."

Wakacheka. Nikaikunja ramani, nikawakumbusha wale samaki wa baada ya vita.

Jirani wa Mama Mudogo akasema, "Kumbe ulikuja kuwashukuria waasi."

Mama Mudogo aliinuka akaenda kugeuza ndagala zake. Hana kazi nyingine yule, na mimi sina mama mwingine.

Siku zikapita bila simu yake. Ndipo nikajifunza: usimwambie mtu kwamba njaa yake ilikuwa na faida, wakati hujamshukuru kwa mihogo. Sikuwahi kumshukuru. Nikamwandikia ujumbe wa aksanti kwa ajili ya vitenge, ziwa sikulitaja.

Kabla sijafika mwisho, ninyi mnaoishi kando ya maji yaliyoingizwa hifadhini: kwenu ilikuwaje? Mwanzoni mlikula nini? Andikeni hapa chini, nitamsomea.

Asubuhi moja akapiga.

"Nimesoma," akasema. "Vile vitenge vilikuwa vibaya, usijisumbue."

Nikacheka, machozi yakinitoka.

"Sikia. Tumekaa siye bamama. Mara ile walifunga ziwa, hapana muntu alituuliza. Sasa tumeulizwa. Matete tunaacha. Pa kuanikia tunabaki napo."

"Aksanti, Mama. Nitawaambia mmekubali."

"Hapana. Waambie ni siye tumefunga."