Glasi ya Karani

Karani wa mahakama yetu ana mikono ya mtu anayepanga mayai. Faili analiweka mezani bila sauti, analinyoosha kwa kidole gumba, kisha anashika jagi. Kila anayepanda kizimbani humwekea glasi ya maji aliyoifuta kwa kitambaa cheupe, na kumwambia, "Karibu ndugu, ongea taratibu." Awe mwizi wa kuku au meneja wa benki, kwake ni mamoja. Miaka kumi na moja napiga chapa meza ya jirani, sijawahi kumsikia akitoa maoni juu ya kesi ya mtu.

Siku ile alisimama mjane aliyeachiwa nyumba kwa wasia ambao watoto wakubwa wa marehemu wanaupinga. Aliomba kesi ihamishiwe mji mwingine, maana hapa watu wameshamhukumu. Hakimu akataka ushahidi. Mjane akautazama ubao mtupu wa kizimba. "Mheshimiwa, leo ni mara yangu ya tatu kusimama hapa. Watoto wa marehemu waliwekewa maji wote. Mimi sijawekewa hata siku moja." Karani akaangalia jagi, akaangalia kitambaa mkononi mwake. Nami ndipo nikakumbuka, na mimi nilikuwepo siku zote tatu. "Ni kweli, mheshimiwa," karani akasema. "Sikukusudia." Akamimina maji, akampelekea. Mjane akasema ahsante. Hakimu alipomaliza kusoma uamuzi wa kuihamisha kesi, glasi ilikuwa bado imejaa.