Rosemari ya Mdogo Wangu

Jana msusi alinipaka mafuta ya rosemari kichwani, na harufu yake ikanirudisha utotoni kijijini Kalama, kwenye asubuhi ile nyanya yangu, tuliyemwita Susu, aliponituma kanisani kukata matawi ya mmea huo uani.

Mdogo wangu alikuwa na homa kwa siku ya nne. Susu ndiye aliyewaombea wagonjwa wa kijiji chetu, akiwanyunyizia maji kwa tawi la rosemari.

"Kata kabla jua halijatoka," aliniambia, "na usiongee na mtu mpaka ufike hapa."

Nilikata matawi yenye umande, vidole vikaninata. Njiani nikakutana na mama jirani akienda kuteka maji.

"Mtoto ameamkaje?" akaniuliza.

Nilikuwa nimefunzwa kwamba mtu mzima hanyamaziwi. "Ameamka salama," nikajibu.

Nyumbani Susu alipokea matawi kwa mikono miwili. "Hukuongea na mtu?"

"Hapana, Susu."

Akachovya tawi majini, akamnyunyizia mdogo wangu usoni, akaomba kwa Kikamba mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake mdogo wangu alifariki mgongoni mwa mama, wakiwa njiani kwenda hospitali.

Baada ya mazishi watu waliendelea kuleta wagonjwa wao. Susu aliwarudishia mlangoni.

"Maombi yangu hayana nguvu tena," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyeomba vibaya, mtoto wetu akaenda."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika leso yake, na sikusema neno.