Diski yangu ya breki, mkate wa kumimina na mama mkwe

Wakuu, salaam. Hili limenikuta mwenyewe hapa Pemba, sijaongeza chumvi. Mke wangu kaniruhusu nilisimulie mradi nisitaje jina la mama yake.

Nasoma uinjinia. Project yangu ya mwisho ni kupima mivutano iliyojificha ndani ya diski za breki za gari.

Chuma kikimiminwa kwenye kalibu, huku kinapoa mapema, kule kinachelewa. Basi kinabaki kinavutana humohumo, kama ndugu waliorithi shamba moja la mikarafuu. Unagandisha sensor juu yake, unatoboa kitundu, chuma kinalegea kidogo, sensor inakwambia kilikuwa kinavutana kiasi gani.

Nilikuwa na diski mbili mpya, pacha, za kalibu moja. Ramadhani nzima zilikaa kwenye boksi ukweni, Mgogoni, ndiko tulikofikia.

Chuo kiliniazima kipimo kwa siku moja tu, na kilitakiwa kirudi Unguja kesho yake. Nikikosa majibu, narudia mwaka.

Diski ya kwanza ikasoma vizuri, mivutano tele.

Ya pili, karibu hakuna kitu. Nikatoboa upande mwengine. Hakuna. Jasho likanitoka na feni inazunguka.

Nikampigia msimamizi wangu. Akauliza kwa upole, "Uliipasha moto?"

Nikaapa. Na saumu yangu, nikaapa mara ya pili.

Mama mkwe alikuwa pale ukumbini anachambua mchele. Akasema taratibu, "Hiyo, baba, mie naiweka jikoni chini ya sufuria. Mkate wa kumimina hauungui. Kisha naiacha jivuni hadi asubuhi, naisugua, naitia kwenye boksi lako."

Wakuu, moto mkali kisha kupoa polepole, ndivyo wataalamu wanavyoiondoa hiyo mivutano. Viwandani wana matanuri ya kazi hiyo.

Nilitamani kulia. Lakini mkwe hafokewi, na mwezi mzima ni mimi niliyekuwa nausifia ule mkate mbele ya watu, eti umeiva sawasawa chini na juu.

Msimamizi alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nibadilishe kichwa cha project: moja mbichi, moja iliyopikwa, linganisha. Nimefaulu.

Somo: kabla hujaapa, uliza jikoni. Wenye wakwe, leteni yenu hapa chini.

Mama mkwe hakuwa na habari na kufaulu kwangu. Aliigeuza diski, akaviona vitundu. "Umeniharibia, baba. Nipe ile nyengine."

Nayo ina tundu. Ikabidi niende Chake Chake kumnunulia mpya.

Muuzaji akauliza, "Ya gari gani?"

Nikampimia kwa mikono upana wa sufuria.