Nilivyokuwa Mfungua Maiki

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, nikamkuta Mkurugenzi uani anapiga mswaki. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko la Tukuyu, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi, ghala na karakana ya disko lake la kuhama. Ninyi mliozaliwa mkakuta muziki umo kwenye simu hamlijui disko la kuhama. Ni muziki unaokufuata ulipo. Spika, amplifaya, deki na jenereta vinapakiwa kwenye pikapu, vinapelekwa penye harusi au ubarikio, shughuli ikiisha vinarudi nyumbani. Mkurugenzi alinitazama juu mpaka chini, povu mdomoni.

"Unaitwa nani?"

"Sekela."

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nilikuwa muuzaji katika duka la serikali, lile lililofungwa baada ya enzi za ruksa kuingia na kila mwenye chumba cha barabarani akafungua duka lake. Nikaongeza kwamba kanisani naimba kwaya, sauti ya pili.

"Kuimba wanaimba waliomo kwenye kanda," akasema. "Wewe utazirudisha nyuma."

Ndiyo kazi niliyoanza nayo. Ukiirudisha kanda kwa deki, mota inachakaa bure, kwa hiyo tulikuwa tunachomeka kalamu kwenye tundu lenye meno, tunazungusha kwa mkono mpaka utepe wote uhamie upande wa pili. Kanda thelathini kwa asubuhi moja. Mimi kukaa kitako sijaumbiwa, tangu utotoni mama alikuwa akinilalamikia, na kabla mwezi haujaisha nilishajipenyeza kwenye kufunga nyaya na kubeba spika pamoja na wanaume. Hakuna aliyeniambia nifanye, na hakuna aliyenikataza.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mkuu, mtu wa maneno machache na yote makali. Jenereta, alisema, inakaa mbali nyuma ya migomba ili mlio wake usiumeze muziki, na inafunikwa bati, kwa sababu mvua ya Rungwe haikupi taarifa. Maiki huielekezi kwenye spika hata siku moja. Ukiielekeza, sauti inatoka, inaingia tena kwenye maiki, inazunguka hivyo mpaka spika inapiga mluzi wa kutoboa masikio. Washereheshaji wa harusi walikuwa wanaiweka maiki mdomoni kabisa, naye alikuwa anawaendea katikati ya hotuba. "Bwana, hicho si kijiko." Kisha anarudi kwenye mashine zake bila hata kuwatazama tena.

Juu ya wote hao alikuwapo Afisa Utamaduni, mtoaji wa kibali. Kila tukienda lazima aulize swali lile lile: disko lenu lina maadili? Siku moja Mkurugenzi, amechoka kungoja kwenye benchi, akamjibu, "Lina maadili na besi pia, mzee." Kibali tulikipata wiki mbili baadaye.

Miaka ile hakuna aliyetulia. Kila wiki sokoni kulikuwa na kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo: redio za rangi, saa za kuongea, viatu vya mitumba vya watu wenye miguu mirefu ajabu. Tukashtukia disko lingine linapanda kutoka Mbeya na taa za kuzunguka, nyekundu na kijani, na watu wa Tukuyu wanalikimbilia. Mkurugenzi akawa anatembea uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi pia moyo haukukaa. Usiku nilikuwa naamka kumuuliza mume wangu kama amesikia disko la Mbeya limepata harusi ya nani. Ambakisye alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, mtu mpole. Alikuwa ananijibu, "Mama Bupe, lala."

Basi Mkurugenzi akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi na maboksi matatu. Televisheni, deki ya sidii za video, na sidii zenyewe. "Karaoke," akatuambia, kama mtu anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza. Muziki unapiga bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye kioo, na yeyote aliyepo anashika maiki anaimba. Fundi Mkuu akazunguka televisheni ile mara mbili.

"Yaani watu waje wenyewe kufanya kazi iliyotuleta sisi?"

"Ndiyo."

"Sisi tutakuwa tunafanya nini?"

Mkurugenzi akainama kutafuta pa kuchomeka waya.

Tuliijaribu Jumapili mchana, baada ya ibada, katika ukumbi wa kiwanda cha chai. Ukumbi ulijaa wachumaji na watu wa mashine, wamevaa vizuri. Muziki ukaanza, maneno ya Kizungu yakapita kwenye kioo, na watu wakatulia kabisa, macho kwenye televisheni, wakisubiri picha ianze. Baada ya nyimbo mbili mzee mmoja wa tanuri za kukaushia chai akanyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, sauti ya mwimbaji imekatika. Angalieni waya." Wengine wakamuunga mkono. Wa nyuma wakaanza kuondoka, wakituonea huruma kwamba mashine mpya imeharibika mapema.

Mkurugenzi akatugeukia, kijasho chembamba kinamtoka. "Mmoja aimbe, waone. Fundi."

"Mimi ni fundi," akasema Fundi Mkuu.

Nikaichukua maiki. Sikungoja kuambiwa. Maneno ya Kizungu nilikuwa siyawezi, kwa hiyo nikayaacha yapite huko kwenye kioo, nikaimba Kiswahili changu juu ya muziki ule ule, nikibuni kadiri ninavyokwenda. Ukumbi ukageuka. Mwanamke mmoja wa chumba cha kupanga madaraja ya chai akaja kusimama karibu yangu, akaniomba kile kitu. Halafu wakaja wanne kwa mpigo, maana huku kwetu mtu akisikia wimbo hawezi kuiacha sauti ya tatu na ya nne ikae bure. Wakaizunguka maiki moja kama wanaota moto. Jioni ile nilirudi nyumbani nimekaukwa sauti na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Tangu hapo nikapewa cheo: Mfungua Maiki. Hakuna mtu wa Rungwe aliyekubali kuimba wa kwanza, ila akishaimba mmoja, kuwazuia wengine ndiyo kazi. Sidii za Kiswahili hazikuwepo, nikawa naandika maneno kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila, ubeti mmoja karatasi moja, na Fundi Mkuu anazifunua muziki ukipiga, amenuna. Hiyo ndiyo karaoke yetu. Ndani ya mwaka mmoja disko la Mbeya likaacha kupanda huku.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaninyima raha katikati ya raha yote hiyo. Mila ya Wanyakyusa, kama tulivyolelewa nayo, ni kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsemeshi, jina lake halitaji. Akimwona anakuja anatoka njiani, anachuchumaa, anafunika kichwa mpaka mzee apite. Na si yeye peke yake, hata ndugu zake na wazee wa rika lake. Mimi nilikuwa na miaka saba ya ndoa na baba wa Ambakisye nilikuwa namjua kwa koti na fimbo tu. Jina lake sijawahi kulitaja, na hapa pia sitalitaja, mniwie radhi.

Mzee huyo alikuwa anaishi Masukulu. Kila nilipokwenda kuimba, kabla sijashika maiki, macho yangu yalikuwa yanapita kwenye viti vya wazee, roho juu, nikitafuta koti la kahawia. Harusi za Masukulu nilikuwa naziumwa. Mara tumbo, mara mtoto ana homa. Mkurugenzi si mjinga. Ilipokuja harusi ya tatu ya huko akaniita ofisini.

"Kamati imetaka karaoke, si disko. Jumamosi uende Masukulu, la sivyo nitafute mfungua maiki mwingine. Wapo."

Nikamwomba Ambakisye akaongee na baba yake. Akaanza kukwaruza kucha.

"Nikamwambie nini? Kwamba mke wangu anaimba kwenye spika?"

"Kwani hajui?"

"Anajua. Ila hajaambiwa."

Nikamtukana kidogo, Mungu anisamehe, kisha nikalia. Nikimtokea mzee yule mbele ya watu na maiki mkononi, ukoo mzima ungesema sina heshima, na wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo. Nisipokwenda, kazi basi. Na kazi ile nilikuwa naipenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu yeyote.

Jumamosi nikapanda pikapu. Fundi Mkuu ndiye aliyenipa ujanja. Tulikuwa tunatundika turubai nyuma ya mashine kukinga mvua, akaniambia niimbe humo nyuma, maiki ina waya mrefu. Nikaona nimepona. Wakati wa karaoke ukafika, saa tisa alasiri, nikafungua maiki nikiwa nimejificha, na nikaimba vizuri kuliko siku zote.

Nilipomaliza nikasikia watu wanacheka. "Hiyo kanda," mtu akasema. Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi akaja mpaka kwenye mashine, kakasirika. "Tumeahidiwa watu waimbe. Mnatupigia kanda?" Akamwambia Mkurugenzi apakie vyombo vyake, atafute watoto wa kudanganya. Mkurugenzi akainua pembe ya turubai, akaniangalia. Hakufoka. Angefoka ningekasirika, ingekuwa nafuu.

"Sekela," akasema, "toka."

Nikatoka. Viti vya wazee vilikuwa mstari wa mbele, hatua kumi hivi, na koti la kahawia lilikuwa la tatu kutoka kushoto. Nikainamisha kichwa, nikavuta kanga mpaka kwenye nyusi. Watu wa Masukulu wananijua ni mke wa nani. Jenereta ikasikika kule migombani. Sikuimba. Sikuweza kuimba wala kurudi.

Nikaona fimbo inasimama. Nikajua anaondoka, na akiondoka ndiyo nimekwisha, kwa maana mzee akiiacha harusi kwa sababu ya mkamwana wake, jambo hilo haliishi mpaka wajukuu. Lakini hakuondoka. Alishika kiti chake, akakiinua, akakigeuza. Akaketi, mgongo kwetu, uso kwenye migomba. Mzee wa kulia kwake akamwangalia kidogo, akainuka, akageuza cha kwake. Kisha wa kushoto. Mpaka mwisho wa mstari, wazee wote wa rika lile wakawa wameipa harusi mgongo, wametulia, fimbo katikati ya magoti.

Fundi Mkuu akafunua karatasi ya kwanza ya manila. Nikaimba. Manyunyu yakaanza, na yalikuwa yanatokea upande ule ule waliouelekea, yanawapiga usoni, na hakuna hata mmoja aliyekisogeza kiti chake. Nilipomaliza watu walianza kupanga foleni ya maiki wenyewe.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, mama mkwe akaja kunisalimu. Akanipa ndizi mbivu, akaniuliza habari za Bupe, akageuka aende, halafu akarudi kama mtu aliyesahau kitu.

"Baba anasema ubeti wa pili umeukimbiza."

Na kweli niliukimbiza. Sijawahi kuukimbiza tena.

Niliifanya kazi ile miaka mingi. Mkurugenzi akaugua, akaniachia vyombo, nikawa Mkurugenzi mimi. Fundi Mkuu alinifundishia mafundi wengine wawili kabla hajaacha. Tulikwenda Suma, Kyela, mpaka Mbeya mjini, na baba mkwe, kila aliposikia karaoke iko karibu na Masukulu, alikuja mapema, akachagua kiti, akakigeuza kabla sijashuka kwenye gari. Baadaye zikaja simu na vile vispika vya kubeba begani, kila mtu akawa mfungua maiki wake mwenyewe, nami nikauza jenereta nikastaafu. Kustaafu kwenyewe siku tatu tu nilizipenda. Sasa hivi nasimamia wanakwaya wa kina mama na inasemekana nawasumbua. Mke wa mwanangu akija hapa anamsalimia Ambakisye uso kwa uso, wanakula meza moja, wanabishana habari za mpira. Nawatazama, nafurahi, na kuna kitu kinaniuma humo humo.

Kinachoniuma ni kwamba sikumshukuru baba mkwe. Mila haikunipa njia, na ujumbe kupitia kwa mama mkwe niliuona mdogo, nikawa nasubiri nipate mkubwa. Miaka ikaenda. Alipofariki, siku ya kuaga, wifi yangu mkubwa alinishika mkono, akaniambia sasa naweza kupita, haina neno. Nikapita na foleni. Ndani ya jeneza kulikuwa na mzee mwenye nyusi nyeupe na paji pana kama la Bupe, mtu ambaye ningempita barabarani nisimjue. Nikasimama pale. Nikamwambia maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia maishani mwangu: "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba. Wifi akanigusa kiwiko, kwa sababu watu walikuwa wengi nyuma yangu, nikasogea.